Siku Mama Alipopanda Boti ya Baba

Harufu ya petroli ndiyo iliyotuamsha msimu ule wote, kabla ya adhana na kabla ya majogoo wa Bi Tausi, jirani yetu. Ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye godoro, hata kwenye sare yangu ya shule iliyoning'inia nyuma ya mlango, na mwalimu akipita kati ya madawati alikuwa akifika kwangu anasita na kunusa hewa. Chanzo chake kilikaa kwenye pembe ya sebule yetu ndogo ya Kunduchi Mtongani, kimefungwa kwenye gogo na kufunikwa khanga kuukuu ya mama: mashine ya boti ya baba. Ufukweni mashine haikuachwa hata siku moja, maana wezi walikuwa wepesi wa kuzifungua, kwa hiyo kila mvuvi aliyekuwa nayo alilala nayo nyumbani kama mmoja wa familia. Yetu ilikuwa mgonjwa. Baba alikuwa ameibomoa yote, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia, vyeusi na vyenye kung'aa kwa oili, na mimi na mdogo wangu Hamisi tulizoea kupita sebuleni kwa kuruka, nguo tumezikusanya mikononi tusije tukachafuka na kuchapwa.

Baba yangu, Mfaume, alikuja Dar es Salaam kutoka Kilwa akiwa kijana, akawa baharia kwenye boti za watu kwa miaka mingi. Mwajiri wake wa mwisho alipochoka na bahari akaamua kurudi kwao, alimwachia baba mashine ile badala ya kiinua mgongo. Hata wakati ule haikuwa mpya. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka na kushikiliwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na jina la walioitengeneza lilikwishafutika kwa jua na chumvi. Lakini ilikuwa yake. Alitafuta boti ya kuifunga, akaipaka boti hiyo rangi ya kijani, na kuanzia hapo watu wa ufukweni wakaacha kumwita Mfaume wakaanza kumwita Nahodha. Nilikuwa mdogo lakini nililiona jina hilo likifanya kazi. Akiitwa hivyo, mabega yake yalikaa vingine.

Mama yeye ni mtu wa Kondoa, nyanda kavu, na bahari aliikuta ukubwani. Aliishi na samaki kila siku, akiwaparua, akiwakaanga na kuwauza Tegeta kwenye sinia lililofunikwa neti, ila maji yenyewe hakuyapenda. Tukienda naye ufukweni alisimama pale mchanga unapoanza kulowa, hasogei. Wimbi likimfuata alirudi nyuma hatua mbili, anacheka, lakini mkono wake umenishika bega kwa nguvu mpaka naumia.

Kilichoitia mashine ugonjwa, au tuseme kilichoitia nyumba ugonjwa, kilitokea kabla tu ya likizo ya katikati ya mwaka. Baba alikuwa baharini na Sudi, mwenzake wa siku zote, mashine ikazima mbali huko nje ya visiwa, ikakataa kuwaka. Walisukumwa na maji mpaka wakaokotwa na boti ya watu wa Bagamoyo. Tulipopata habari kwamba wako hai mama alikuwa amekwishapoteza sauti kwa kulia. Baba aliporudi alimpikia uji, akamwekea maji ya kuoga, akangoja alale na kuamka, ndipo akasema, kwa sauti iliyobaki, kwamba mashine ile haitarudi majini. Aiuze chuma chakavu, akafanye kazi kwenye boti ya mtu mwingine mpaka watakapopata nyingine.

"Niwe baharia wa mtu tena?" baba aliuliza. "Kwa umri huu?"

"Kuna aibu gani? Si kazi?"

Baba aliinuka akatoka nje. Kesho yake akaanza kuifungua mashine. Sudi alikuja kumsalimia, akasimama mlangoni akiviangalia vile vipande, akasema kwa upole kwamba yeye ameshapata nafasi kwenye boti nyingine. "Kaka, mie kwenye hii sirudi," alisema. "Nina watoto." Baba alimwambia sawa, bila kuinua macho, akaendelea kusugua kabureta kwa mswaki.

Hivyo ndivyo yalivyoanza majuma yale, ambayo nayakumbuka kama ukimya mrefu wenye harufu. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kupigiana kelele. Walizungumza kwa kupitia sisi: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako natoka. Baba alikwenda Kiwalani, kwa fundi mmoja aliyekuwa na lundo la mashine zilizokufa, akarudi na vipande vilivyotolewa kwenye hii na ile. Vingine havikukaa sawasawa akavikata kwa tupa. Gasketi aliikata mwenyewe kwa mkasi. Usiniulize ilikuwaje, lakini nilimpenda sana baba siku hizo, alivyokuwa akiinama na kuhema, akinionyesha kila kitu kinafanya nini kama vile mimi ndiye nitakayemrithi. Alinionyesha kitundu kidogo upande wa nyuma. "Maji ya bahari yanapanda yanapooza mashine, halafu yanatokea hapa," alisema. "Ukiyaona yanaruka, ujue inapumua." Mama alikuwa akipita na beseni lake. Nilijua amesikia, kwa sababu alipunguza mwendo, kisha akauongeza.

Siku ya kuijaribu, baba aliifunga kwenye ukingo wa pipa la maji katikati ya uwanja. Akavuta kamba ya kuwashia, ikakohoa. Akavuta tena na tena, shati limemganda mgongoni, na watoto wa jirani wamejaa ukutani. Kisha ikanguruma. Maji yakachemka pipani, moshi wa buluu ukatanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, Bi Tausi akatoka akilalamika na hakuna aliyemsikia. Kile kitundu kilikuwa kikirusha maji kama mtoto anayekojoa. Baba alituangalia sote, akicheka, na nadhani alitaka kumkumbatia mtu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anaparua samaki aina ya changu, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Baba alipoizima, masikio yetu yakabaki yanavuma.

"Imepona," alisema.

"Pipa halina mawimbi, Baba Zaina." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia uso kwa uso kwa muda mrefu.

"Kesho naingia nayo baharini."

"Na nani? Sudi keshasema haendi."

"Peke yangu."

Mama aliweka kisu chini, akanawa mikono taratibu kwenye ndoo, akajifuta kwa khanga. "Kama imepona, imepona," alisema. "Basi kesho tunakwenda wote. Mimi na Zaina. Hamisi atabaki kwa Bi Tausi. Tupeleke mpaka Mbudya utuzungushe, tuone."

Watoto ukutani walishangilia, wakidhani ni matembezi. Mimi nilimtazama baba nikaona kicheko kimemfutika usoni bila yeye kujua. Angeweza kusema hapana. Lakini kusema hapana kungekuwa sawa na kusema kwamba hata yeye haiamini, na alikuwa ameshasema mbele ya watu wote kwamba imepona. "Haya," alisema. "Mje na kofia, jua kali."

Asubuhi ile hakuna aliyekula. Baba na kijana mmoja wa ufukweni walibeba mashine kwa mti begani, mama na mimi tukifuata nyuma, yeye amevaa dera lake la sikukuu na kuifunga khanga kiunoni kwa mafundo mawili. Mchangani palikuwa na wanaume wanaotengeneza nyavu na wanawake wanaosubiri samaki, na wote walimjua mama. Walipomwona anaingia majini, maji yakimfika magotini, mapajani, waliacha kazi. "Mama Zaina leo!" mtu alipiga kelele. Hakugeuka. Alishika ukingo wa boti, baba akamsaidia kupanda, na kwa muda kidogo walibaki wameshikana mikono, wanatazamana. Nilikuwa tayari nimekaa kwenye mbao ya katikati. Nilimwona kila mmoja akimngoja mwenzake aseme kitu. Nilingoja pia. Kisha baba akauachia mkono wake, akaenda tezini, nyuma ya boti, akavuta kamba, na mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

Ilikwenda vizuri, hilo lazima niliseme. Boti iliinua pua yake, ufukwe ukarudi nyuma, minazi ikawa mifupi, na maji yakageuka kutoka rangi ya udongo kuwa kijani na kisha buluu ya kutisha. Mama alikuwa amekaa sakafuni mwa boti, si kwenye mbao, mikono yote miwili imeshika mbao niliyoikalia, midomo inacheza kwa dua. Baba alianza kuimba. Hakuwa na sauti nzuri, lakini tangu siku aliyookotwa sikuwa nimemsikia akiimba, na ndani yangu kifua kililegea. Tulipita ubavuni mwa Mbudya, tukawaona watu wadogo wadogo kwenye mchanga mweupe, tukatokea upande wa pili ambako upepo ulitupiga usoni. Hapo mama alinyanyua kichwa. "Baba Zaina," aliita. "Nimeona. Nimekubali. Imepona. Sasa turudi."

Sijawahi kuona mtu akifurahi kama baba alivyofurahi wakati ule. Alitaka tu kutuonyesha kidogo zaidi. Akasema tunafika pale mbele tu, kisha tunageuka. Mimi nilikuwa nimemgeukia yeye, na ndipo nilipokiona kile kitundu. Maji yalikuwa yakitoka kama uzi. Kisha yakawa matone. Kisha hamna.

"Baba, maji hayatoki," nikasema.

Aligeuka akatazama. Najua aliona, kwa sababu shingo yake ilikakamaa. Kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa ameanza hata kutabasamu. "Yanatoka," alisema. "Ni upepo tu unayapeperusha." Akaongeza moto, akigeuza boti kuelekea nyumbani.

Harufu ilibadilika kwanza. Petroli ikawa kitu kilichoungua, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, halafu mlio mmoja mkavu wa chuma, na mashine ikasimama ghafla hivi kwamba boti yote ilitikisika. Baba alivuta kamba. Haikusogea hata kidogo. Akaweka mguu kwenye ubao wa tezi akavuta kwa mwili mzima, na kamba haikusogea. Ilikuwa imenoki, vyuma vya ndani vimeshikana. Baada ya kelele zile, tulisikia sauti nyingine iliyokuwepo muda wote, nyuma yetu: mawimbi yakivunjika juu ya mwamba.

Upepo ulikuwa ukitusukuma huko huko. Baba alitupa nanga, ikaburuzika, ikashika, ikaachia, tukarudi nyuma kwa mtikisiko, ikashika tena. Boti iliyokuwa ikikimbia ilikuwa nyepesi; iliyosimama ilikuwa kitu kingine kabisa, ilijilaza ubavuni na kila wimbi lilitumwagia maji ndani. Baba alinipa dumu lililokatwa mdomo akaniambia nitoe maji, nisiangalie nyuma. Mama alitapika mara moja, akajifuta kwa kiganja. Kisha akatambaa mpaka kwenye kasia, lililokuwa moja tu, akalinyanyua. Hakujua hata upande gani unaingia majini. "Nifanyeje?" aliuliza. Baba alimwonyesha, naye akaanza kupiga maji, vibaya, kwa hasira, khanga imemfunguka, akimwita Mungu kwa Kirangi, lugha ambayo nyumbani hakuitumia ila akizungumza na mama yake kwenye simu. Baba alikuwa mbele, omoni, na mti mrefu wa upondo, akiutafuta mwamba chini ili atusukume mbali nao. Povu jeupe lilikuwa karibu kiasi cha kutosha kunilowesha mgongo. Nilitoa maji. Nakumbuka nilikuwa nikiwaza kwamba nikiacha, hata kwa kupumua tu, tutakufa, na kwamba itakuwa ni mimi.

"Mpigie Sudi!" mama alisema.

"Sudi yuko kazini kwake."

"Mpigie!"

Simu ilikuwa shingoni mwa baba, ndani ya mfuko wa nailoni. Aliishika, na hata pale, wimbi likiwa limetusukuma ubavu, alisita. Nilimwona akisita. Mama aliliachia kasia, akaenda mpaka kwake akishika ukingo, akauvuta mfuko ule ukakatika uzi. Alibonyeza juu ya nailoni, akaweka sikioni.

"Sudi, shemeji yako hapa. Tuko nyuma ya Mbudya, mashine imekufa, nanga haishiki. Niko na mtoto." Akasikiliza. "Haya. Haya, shemeji." Akamrudishia mumewe simu, akarudi kwenye kasia.

Sudi alikuja. Siwezi kusema ilichukua muda gani, maana muda ule haukuwa na kipimo, ila mikono yangu ilikuwa imekwishakufa ganzi na dumu lilikuwa likijiendesha lenyewe. Boti yao ilitokea pembe ya kisiwa ikirusha maji pande zote mbili. Waliogopa kusogea, wakarusha kamba mara kadhaa ikaanguka majini, mpaka baba alipoidaka kwa upondo. Sudi alimtazama baba, akanitazama mimi, akampa ishara aliyekuwa kwenye usukani. Tulivutwa mpaka Kunduchi, mama akiwa amenipakata kwa nguvu mpaka nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni mwangu, baba akiwa amekaa kando ya mashine iliyokuwa bado inatoa joto.

Ufukweni walikuwa wamejaa. Habari ilikwishafika. Wanaume waliingia majini kuishika boti, na kabla hata miguu yetu haijagusa mchanga mtu mmoja aliuliza, "Nahodha, vipi tena?" Baba alikuwa amesimama majini, maji kiunoni, ameinamisha kichwa.

"Mafuta," mama alisema kwa sauti ya juu, akijifunga khanga upya. "Mafuta yametuishia. Kosa langu, nilimng'ang'aniza anizungushe, mie mtu wa bara najua nini."

Watu walicheka, kicheko cha kushusha pumzi. Mambo yangeweza kuishia pale. Nilimwona Sudi akiangalia pembeni, naye yuko tayari kuyaacha yaishie pale. Baba ndiye aliyeinua kichwa.

"Mafuta yapo," alisema. "Dumu hilo hapo, tikiseni. Mashine imenoki. Mama Zaina aliniambia haijapona. Sudi aliniambia. Na huyu mtoto kaniambia hukohuko baharini, nikasikia, nikafanya kama sijasikia." Sauti yake ilikatika akangoja irudi. "Nimetaka kuwaua."

Bi Tausi, aliyekuja na Hamisi mgongoni, alinichukua akanifunika kwa mtandio wake. Wengine wakaanza kuvuta boti juu, polepole, kwa heshima. Mama alimwendea baba pale majini, kwa hiari yake, mpaka maji yakamfika kiunoni na yeye, akamshika mkono akamtoa.

Mashine haikurudi sebuleni. Wanunuzi wa vyuma chakavu waliichukua siku hizo hizo, na baba mwenyewe alisaidia kuipandisha kwenye mkokoteni. Kisha alipiga sakafu deki kwa sabuni ya unga, akiwa amepiga magoti, mama akimletea ndoo za maji. Alikwenda kuwa baharia kwenye boti aliyokuwamo Sudi, chini ya nahodha kijana, mdogo kwake kwa mbali, na mwanzoni alirudi akiwa kimya. Baadaye akaanza kurudi akisimulia. Miaka ilipita ndipo yeye na Sudi walipounganisha nguvu wakapata mashine ndogo iliyo nzima, na watu wakarudia kumwita Nahodha kana kwamba hawakuwahi kuacha. Mama hakupanda boti tena.

Sasa baba amezeeka, bahari anaitazama tu. Hoteli na kuta zimeibana Kunduchi niliyoijua, na vijana wanaokwenda Mbudya wanakwenda kupiga picha, wamevalishwa maboya ya rangi ya machungwa kabla hata ya kupanda. Mimi naishi Chamazi na mume wangu Rajabu na watoto wetu wawili. Nimekuwa mtu mzima kiasi cha kuweza kuuliza, na Idi iliyopita niliuliza. Nilimkuta mama jikoni, nikamwuliza kama alikuwa akijua mashine itakufa. "Nilikuwa namngoja baba yako aseme tusiende," alisema. "Angesema tu, ningeshuka." Sikumwambia baba jibu hilo. Nilikwenda nikakaa naye barazani, nikamwuliza yeye kwa nini alikubali kutupakia. "Nilimngoja mama yako ashuke," alisema. "Nilijua anaogopa maji. Nikasema sasa hivi atashuka."

Siku chache baadaye tulikuwa na safari ya Lindi, harusi ya mdogo wake Rajabu. Gari letu lilikuwa limetoka kwa fundi, breki zilikuwa zikisumbua, na tulikuwa tumekwishabishana mpaka tumefika kwenye ule ukimya ninaoujua. Mwambie baba yako begi hili hapa. Watoto walikuwa wamekaa nyuma, mikanda wamefunga, wananyamaza. Rajabu alishika usukani, akaniangalia, nikamwangalia, na kwenye kioo niliona uso wa binti yangu ukituangalia sote wawili, zamu kwa zamu, ukingoja.

"Mie nashuka," nikasema. "Na wanangu wanashuka."

Alikasirika, alikasirika sana, na ndani ya basi la Lindi tulilopanda badala yake alikaa siti ya mbele hakuzungumza nami mpaka tunavuka Rufiji. Gari lingefika au lisingefika, sijui. Binti yangu alilala njia nzima, kichwa pajani mwangu, mdomo wazi.